Kiti cha Mbele

Kwetu Maretadu sote ni Wakristo, mpaka pale nyumba ya jirani inapofiwa na mtoto mchanga. Hapo ndipo utajua nani anaamini na nani amebatizwa tu. Sisemi hivyo kumsimanga mtu, maana wa kwanza kuanguka mtihani huo ni mimi mwenyewe, mwalimu wa sayansi, ambaye kila mwaka huwachorea watoto wa darasa la sita bakteria ubaoni na kuwaambia kwamba ugonjwa hauletwi na laana.

Mila yenyewe tunaiita metimani. Mwanamke mimba ikimtoka, au akizaa mtoto asiye na uhai, au akifiwa na mtoto anayenyonya, nyumba yake inatengwa. Hakuna anayetangaza. Watu wanaacha tu kupita pale. Hawawapi mkono, hawanywi kwenye kibuyu chao, hawapokei kwao moto wala chumvi, na ng'ombe wao hawachanganywi na wa wengine. Wenyewe wakipatwa na shida husimama penye ua na kupaza sauti kutoka mbali. Hukaa hivyo miezi, wakati mwingine mpaka mvua nyingine, hadi wazee waseme imetosha. Na anayetakiwa kuogopa kuliko wote ni mwenye mimba. Akigusana na mwanamke wa nyumba ile, kifo kinahama na kuingia tumboni mwake. Ndivyo tulivyolelewa. Vijana wetu wakiwa Arusha wanaicheka habari hii, wakirudi likizo wanapita njia ya kuzunguka kama sisi.

Masika ninayoyasimulia nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nimeolewa Nangwa, upande wa Hanang, lakini nilikuwa nimekuja kukaa kwa mama kwa sababu daktari alinitaka nipumzike. Sababu ya kupumzika tuliijua watu watatu, mimi, mume wangu na mama. Mimba zangu mbili za kwanza zilitoka zikiwa changa, nami nikazificha. Nilifua nguo zangu, nikaenda kazini, nikasahihisha madaftari. Kwa mila ileile nilistahili kutengwa mara mbili na sikutengwa hata siku moja. Mama alijua, akanyamaza, na wala hakuninyima kikombe chake.

Mama alikuwa mjane na hakujua kusoma. Biblia aliibeba kanisani kila Jumapili, na humo ndani ndimo alimohifadhi picha ya baba, kadi yake ya kupigia kura na picha yangu ya mahafali. Mwinjilisti akitaja kitabu na sura, mama alifunua palipofunuka, akaangalia picha zake na kusikiliza. Hakuwa mtu wa kubishana wala wa kutoa ushuhuda mrefu. Alikuwa na mikono mikubwa, migumu, ya mtu aliyelima mahindi na maharage maisha yake yote kwenye mteremko, na mikono hiyo alikuwa ameshaipangia kazi.

"Manesi wakimaliza yao," alikuwa akiniambia karibu kila siku, "mtoto nipeni mimi. Mikono ya kwanza ya nyumbani iwe hii."

Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Kwa hiyo alikuwa hasemi mzaha. Alikuwa amenunua shuka jipya, amefuga kondoo wa kunichinjia nikijifungua, na hata mahali atakapokaa kumwogesha mtoto alishapachagua, pale karibu na jiko, ambapo upepo haufiki.

Bondeni chini ya shamba letu aliishi msichana aliyeolewa kutoka Dirma. Namwita msichana, lakini alikuwa mke wa mtu, pengine miaka ishirini na moja. Nilipofika nyumbani na yeye alikuwa mjamzito, mbele yangu kwa mwezi mmoja hivi. Alipanda kuja kunisalimu na majani ya maboga kwenye ungo, akaniamkia shikamoo kwa adabu, kisha akacheka alipoona tumbo langu. Tulisimama bega kwa bega mama aseme la nani kubwa. Mama akasema lake, mimi nikanuna kwa mzaha, tukacheka wote watatu. Siku hiyo nilimpenda sana.

Mtoto wake alizaliwa hana uhai. Nyumba ikatengwa.

Wiki ya kwanza mama alikuwa akishuka asubuhi na maziwa kwenye kidumu, anakiacha penye ua wao na kurudi. Hakuingia, hakugusa mtu. Mimi hata hilo sikulitaka. Nilimwambia, "Mama, ukienda huko unarudi na nini humu ndani nilimolala?" Aliniangalia, akaangalia tumbo langu, akafikiri juu ya zile mbili zilizotoka. Kesho yake hakushuka. Nilifurahi, na niliona nimetumia akili.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, ukungu umekaa juu ya mashamba kama moshi wa kuni mbichi, na pikipiki zilikuwa zimeshagoma kushuka kwetu tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimekodi pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh, Mwislamu, mtu wa makamo anayeuza mitumba kwenye minada, anipeleke hospitali Mbulu mjini. Alifika saa tatu, akaligeuza gari lielekee barabarani, akaingia kumsalimu mama na kupewa chai.

Hapo ndipo tuliposikia sauti. Alikuwa mume wa yule msichana, amesimama penye ua wake kule chini kwenye mvua, mikono ameiweka mdomoni.

"Mama! Damu imeanza tena tangu jana! Anaungua, haamki vizuri!"

Mama aliweka kikombe chini. Hakukitupa, hakukurupuka, alikiweka tu mezani na kuanza kutafuta viatu vyake vya mvua. Nilijua anakwenda wapi kabla hajafika mlangoni.

"Waite majirani," nilisema.

"Majirani wamesikia," alisema mama.

Ni kweli, walikuwa wamesikia. Kwetu sauti ya bondeni inafika nyumba zote za mteremko. Niliona milango miwili upande wa pili ikiwa wazi na watu wamesimama vizingitini na mablanketi yao mabegani, wanatazama. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita alitusomea habari ya yule Msamaria, kwa sauti nzuri kabisa.

Nilisimama mlangoni nikamzuia mama njia. Naandika jambo hili kwa aibu. Nilisema, "Mama, nisikilize. Ukimshika huyu, hutamshika wangu."

Mvua ilikuwa inapiga bati lakini alinisikia. Nilimwona akinisikia. Akasema polepole, kama anayeeleza njia, "Yesu aliwagusa wenye ukoma kwanza, ndipo wakapona. Hakungoja wapone." Halafu akanisogeza kwa bega, taratibu, kwa sababu ya tumbo langu, akatoka.

Walimpandisha juu kwa blanketi, mume wake ameshika upande wa kichwa na mama upande wa miguu. Utelezi uliwaangusha mara mbili. Mara ya pili mama alianguka kwa magoti na hakuachia blanketi. Yule mwenye gari alipoona hivyo aliacha chai, akakimbia kuwapokea, akawa mtu wa tatu. Wa nne hakutokea. Wale wa vizingitini walibaki vizingitini, na mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye gari, kiti cha mbele, na mlango nimeufunga.

Pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha mbele, cha dereva na watu wawili wakibanana. Nyuma palikuwa wazi, pana turubai la kufunikia marobota. Mwenye gari alifungua mlango wa upande wangu. Mikono yake ilikuwa na damu na tope.

"Mwalimu, sogea kidogo tumlaze hapa. Anatetemeka."

"Muweke nyuma," nilisema.

"Nyuma kuna mvua, dada yangu."

"Akiingia humu, mimi nashuka."

Nilikuwa najua ninachofanya. Nani angemwacha mjamzito wa miezi minane ashuke kwenye mvua ile? Nilikuwa nimembana mwenye gari kwa tumbo langu mwenyewe. Alisimama pale akiniangalia kama mtu anayesoma bango la lugha asiyoijua, kisha akamgeukia mama. Naye mama hakuniangalia hata kidogo.

"Tumweke nyuma," alisema. "Mimi nitakaa naye."

Mume wa msichana alibaki, maana nyumbani kwake kulikuwa na mama yake mzee asiyeweza kujiinua. Mama alipanda, akaketi kwenye marobota, akampakata yule msichana na kujifunika naye turubai.

Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na kioo kidogo. Sikugeuka. Kioo cha mbele kilikuwa kinajaa mvuke, nikawa nakifuta kwa kanga yangu, nakifuta tena hata kilipokuwa hakina kitu, ili mikono yangu iwe na kazi. Mwenye gari aliendesha bila kusema neno. Gari liliteleza kama ng'ombe kwenye mawe yaliyolowa, mara huku mara kule, na kila liliporuka nilishika tumbo na kuomba. Niliomba hasa. Nilisema Bwana nilindie huyu. Sikukumbuka kuomba kwa ajili ya mwingine yeyote.

Mama aligonga kioo mara ya kwanza tulipofika kwenye mlima. Mwenye gari akasimama, akashuka, akarudi, akavua koti lake na kulipeleka nyuma. Alirudi na fulana imelowa imemganda mwilini. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na kanga mbili. Mpaka leo nakumbuka rangi za zile sweta.

Aligonga mara ya pili kabla hatujayaona mabati ya mjini. Safari hii aligonga kidogo tu, kwa kidole. Mwenye gari alisimamisha gari lakini hakushuka upesi. Alizima injini, akaweka mikono juu ya usukani, akasema maneno ya dini yake ambayo wanayasema mtu akifa. Ndipo nilipogeuka. Mama alikuwa ameondoa turubai. Hakukuwa tena na haja ya kumkinga yule msichana na mvua. Alikuwa anamfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, na nywele zake mama, zenye mvi, zilikuwa zinalowa.

Hospitali walisema damu ilikuwa imekwisha mwilini na homa ya uzazi ilikuwa na siku nyingi. Nesi aliuliza kwa nini hakuletwa mapema. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba mvua ndiyo iliyomuua. Hakuna aliyeniambia siyo. Mimi nilipimwa siku hiyohiyo, mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri.

Sikurudi Maretadu. Mume wangu alikuja kunichukua mjini, nikaenda naye Nangwa moja kwa moja. Mama alirudi na maiti, kwenye gari lilelile. Ndiye aliyemwosha, maana hakuna mwanamke mwingine aliyekubali.

Nilijifungua salama wiki tatu baadaye, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Sasa nasema jambo ambalo sijawahi kulisema kanisani. Watu walinisifu. Shangazi zangu walikuja Nangwa na kuku na kusema, "Ulifanya akili. Ungemgusa yule, leo tungekuwa tunalia." Wakanionyesha mtoto kama ushahidi. Na mtoto alikuwa pale, mzima, ananyonya. Kuna wakati ningependa maisha yaseme waziwazi kwamba nilikosea. Maisha hayakusema. Yalinipa mtoto mwenye afya na kuniacha naye.

Mama ndiye aliyetengwa. Aliosha maiti ya mwanamke wa metimani, kwa hiyo ilimpata na yeye. Hakuna aliyemtolea neno baya. Jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwake kila Alhamisi, ikahamia nyumba nyingine kwa sababu, walisema, kwake kuna utelezi. Kanisani alikaa kwenye benchi lake la siku zote, na benchi likawa lake peke yake. Mwinjilisti alimpa mkono mlangoni, namsifu kwa hilo, lakini aliutoa haraka. Mama aliendelea kwenda, Jumapili baada ya Jumapili, na Biblia yake yenye picha.

Alinipigia simu siku ya tatu baada ya kujifungua. Ilimbidi apande kilimani kutafuta mtandao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia ana nywele nyingi."

"Anazo."

Nikasikia upepo wa kilimani. Kisha akauliza, "Nije?"

Nilikuwa nimemshika mtoto kifuani. Nikasema, "Subiri kidogo mama."

Hakuuliza kidogo ni kiasi gani. Alisema sawa. Kila wiki alipiga simu kuuliza kama mtoto ananyonya, ameota jino, amekaa. Hakuuliza tena kuhusu kuja. Kondoo aliyemfuga alimtuma kwa mtu hadi Nangwa, akiwa hai, na kamba shingoni. Nilimchinja nikamla. Kila nilipojiambia wiki ijayo nitaenda, nilimwona mtoto amelala, nikakumbuka zile mbili, na wiki ilipita. Nilikuwa siamini mila ile. Nilikuwa nikiiogopa tu, na nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi maisha yake yote katikati ya mambo hayo mawili.

Mtoto alikuwa na miezi sita nilipokutana na yule mwenye pikapu mnadani Katesh. Nilikuwa natafuta nguo za mtoto, nikainua macho, ni yeye, amesimama nyuma ya rundo lake la mitumba. Nilitaka kuondoka. Alinisalimu kwanza, kwa upole, akamtania mtoto, akachagua kigauni cha njano kwenye rundo na kunipa.

"Mama alinieleza ana nywele nyingi," alisema. "Mimi hupita kwake kila mnada wa Dongobesh. Hunipa chai. Tunakunywa wawili, maana wenzenu wamemsusa." Kisha, bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza habari za mvua, akasema, "Alimwonaje mjukuu wake? Hakunisimulia alivyomshika mara ya kwanza."

Nilisema nitampeleka mtoto kwake kesho. Alisema kesho ana safari ya huko, nitapata nafasi mbele.

Nilikaa kiti kilekile. Mvua haikuwepo, barabara ilikuwa kavu na vumbi, mahindi yalikuwa yameshavunwa na mabua yamesimama. Nilimpakata mtoto, na nyuma ya kichwa changu kile kioo kidogo kilikuwa kimepasuka upande mmoja. Sikuuliza kilipasukaje. Tuliposhuka kwenye mteremko niliiona nyumba ya yule msichana. Mlango ulikuwa umeegeshwa kwa jiwe. Mume wake alikuwa amehama.

Mama alikuwa anapeta maharage uani. Aliona gari, akaona nani anashuka, akaweka ungo chini. Nilidhani atakimbia kuja kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, nimejiandaa hata kwa lawama. Hakuja. Aliinua mkono kutuambia tungoje, akaingia ndani.

Alitoka na jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni ambacho kilikuwa bado kwenye karatasi yake. Karatasi ilikuwa imefifia rangi, maana ilikuwa imekaa muda mrefu ikisubiri. Aliifungua, akakunja mikono ya sweta mpaka juu ya viwiko, akainama, akanawa. Alisugua katikati ya vidole. Alisugua kucha. Akamwaga maji yale mbali, akamimina mengine, akarudia mwanzo. Mwenye pikapu aligeuka akatazama mashamba.

Kisha mama alisimama mbele yangu, hatua tatu, hakusogea zaidi. Akanyoosha mikono ile miwili mikubwa inayochuruzika maji, viganja juu, halafu akaigeuza nione na upande wa pili, kama wanafunzi wangu wanavyofanya mstarini siku ya ukaguzi wa usafi.

"Nimenawa," alisema.

Nilitaka kumwambia hakuna haja, mama. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye makapi ya maharage. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimpa mtoto, naye akampokea na kufumba macho. Lakini kabla sijampa, na Mungu ananiona, niliikagua ile mikono.